Jabali la Wageni

Basi la Malindi lilimshusha Laban kivukoni Garsen saa saba ya mchana, mwaka wa hamsini na saba, jua likichoma mpaka mbwa wamejificha, na yeye amevaa sweta. Sweta ya sufu, ya kijani, yenye kiraka kwenye kiwiko. Ungemuuliza angekuambia ameizoea. Uongo mtupu. Alitaka watu wajue ametoka milimani.

Mto ulikuwa umejaa, feri imefungwa, na kila aliyetaka kuvuka kwenda Wema, Witu au Lamu alikuwa amekwama pale na mizigo yake, mbuzi wake na hasira zake. Laban, Mpokomo wa Wema, alikuja likizo kumwona mamake. Akasogea penye chai. Muuzaji alikuwa Kanze, binti wa mzee Ngala, Mgiriama aliyehamia huku kulima. Alikuwa amejifunga leso nyekundu juu ya hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, shanga shingoni, unga mpaka kwenye viwiko.

"Kaka, unaumwa?"

"Siumwi. Kwa nini?"

"Naona umejifunika. Huku anayevaa hivyo ana homa."

Watu wakacheka. Laban akavua sweta, akacheka na yeye, na mambo yakaanzia hapo.

Maji yalipopungua kidogo, akafika kwao Wema, kisha akawa anavuka kwa mtumbwi kila asubuhi kuja kunywa chai asiyoitaka. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni wa nyumba moja ya kulala huko Wundanyi, juu ya milima ya Taita. Na Kanze, maskini, tangu azaliwe hajaona kitu kirefu kuliko kichuguu.

"Nitakupeleka penye maporomoko," Laban alimwambia. "Unalowa hata ukisimama mbali. Kuna msitu una ndege hujawahi kuwasikia. Kuna mapango ambamo watu wameweka mafuvu ya wazee wao."

"Hayo mafuvu niondolee."

"Basi tutayapita. Tutakwenda sokoni ule matunda mpaka uchoke. Halafu alfajiri tutapanda jabali." Hapo alishusha sauti, akafumba macho. "Ukifika juu, usiseme kitu. Pumua kwanza. Mawingu yako chini ya miguu yako, na kule mbali Kilimanjaro. Utadhani dunia imeumbwa asubuhi hiyo, kwa ajili yako."

Kanze aliunguza karai zima la mahamri. Mamake alilia kusikia mwanawe anataka kuolewa mbali vile, mahali ambapo hata akiugua hakuna wa kumpikia uji. Kanze naye alilia, lakini hakubadili nia. Kwa maneno yale alikuwa tayari kuacha mama, mto na biashara yake. Ikapangwa wazee wa Laban wavuke Jumapili kuja kuposa, maana Jumatatu likizo ilikuwa inakwisha.

Ijumaa basi likaleta nesi mmoja kijana, anakwenda Lamu, gauni jeupe, mwavuli mwekundu. Alikaa juu ya sanduku lake akisubiri feri, na Laban akakaa karibu naye. Kanze alikuwa nyuma yao na birika mkononi.

"Ukifika juu, usiseme kitu," Laban alikuwa akisema. "Pumua kwanza."

Sauti ilishuka palepale. Macho yakafumbwa palepale. Dunia ikaumbwa asubuhi hiyo, kwa ajili ya nesi.

"Umenitia hamu, wallahi," nesi akasema.

Kanze alirudi akaweka birika chini. Aliumia vibaya, tena aliona aibu, kwa sababu yale maneno alikwisha kuwasimulia mashoga zake wote. Jioni akamwambia babake, "Jumapili wasije."

Laban alifika kesho yake mbio.

"Nimekukosea nini, Kanze?"

"Maneno uliyonipa mimi umempa nesi. Kabla yangu umewapa wangapi?"

"Ile ni kazi. Bwana mwenye ile nyumba ya kulala ndiye aliyenifundisha. Nikikutana na msafiri yanatoka yenyewe."

"Kwa hivyo na mimi nilikuwa mgeni."

Mwanamume mwenye akili angeomba radhi hapo. Laban akaanza kueleza. "Lakini mahali penyewe ni pazuri kweli..."

"Sikukuuliza uzuri wa mahali. Nenda, nina wateja."

Jumapili mchana akarudi peke yake, sweta begani, macho yamevimba. Alikaa chini kwenye vumbi.

"Lile jabali silipendi," akasema. "Nikifika juu miguu inatetemeka. Nafumba macho kwa sababu naogopa kutazama chini."

Kanze alitaka kucheka, akajizuia. "Siku usipokuwa na wageni huenda wapi?"

"Nyuma ya jiko. Kuna gogo la kukalia."

"Unaona nini hapo?"

"Ukuta na migomba. Lakini ndio upande wa huku. Jumapili nakaa hapo natazama upande wa huku, mara nyingine nalia. Sijampeleka mtu." Akaikunja sweta mapajani. "Chumba changu kinavuja, Kanze. Baridi ya kule itakuliza. Sikukuambia kwa sababu niliogopa hutakuja."

Kanze aliinua birika. Alimfikiria mamake, na ule uji. Kisha akamimina chai, akampa.

"Wazee wako wako wapi?"

"Wema. Niliwaambia wasivuke."

"Kawaambie wavuke. Jabalini wapeleke wageni wako. Mimi nitakaa kwenye gogo."

Laban aliacha chai, akaacha na sweta, akakimbilia mtumbwi. Kanze aliiokota, akaikung'uta vumbi, akaivaa katikati ya jua lile, machozi yakimtoka. Mteja aliyefuata akamuuliza kama ana homa. Akasema ndiyo.