Taa ya Gari la Meneja

Jumamosi gari-moshi la Mombasa liliposimama Voi, hapakuwa na pa kuweka mguu. Wanawake wa Taveta wenye mikungu ya ndizi walisukumana na askari waliotoka likizo, na vumbi jekundu likawapaka wote rangi moja. Katikati yao alisimama msichana mrefu aliyevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, viatu ameshika mkononi visichafuke, na kapu kubwa la kabichi limemshinda.

"Huyu abiria mbona hana tikiti?" mtu akauliza nyuma yake.

Alikuwa kijana wa reli akisukuma mkokoteni wa mizigo, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi hadi inasimama.

"Abiria yupi?"

"Huyu wa kijani, na wenzake."

Msichana akajizuia kucheka. "Ni kabichi za shangazi yangu wa Mombasa. Kama wewe unacheza, niitie mtu anayefanya kazi."

"Ndiye mimi. Munyao, wa vifurushi. Na wewe?"

"Kapu lina jina la shangazi. Langu la nini?"

"Likipotea nitamwambia nani?"

Akamtazama kidogo. "Jedidah. Nesi msaidizi pale zahanati. Lakini lisipotee."

Halikupotea. Jumatatu simu ya zahanati ikalia.

"Hapa stesheni. Kuna mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Kifua, tangu Jumamosi."

"Anakohoa?"

"Hakohoi. Akiona kabichi tu, kinamshika."

Jedidah akageukia ukuta ili daktari asimwone akicheka.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Jumapili, baada ya kanisa, walitembea kandokando ya reli kuelekea mlima Mazinga, Jedidah na mwavuli wake mweusi, Munyao na shati lake jeupe la pekee. Munyao alikuwa Mkamba wa Maungu, mwana wa mjane aliyeitwa Mbula. Jedidah alizaliwa juu Mwanda, kwenye ukungu na mashamba ya mboga, na hakuzoea jua la Voi. "Ukinioa utanihamishia Maungu nikauke kama ngozi," alimtania. "Nitakumwagilia maji asubuhi na jioni, mpenzi," Munyao akajibu. Walikubaliana kwamba mvua zikiisha, wazee wa Munyao wapande Mwanda kubisha hodi.

Jedidah alikuwa na kaka mmoja, Thadeus, dereva wa meneja Mzungu wa shamba la mkonge. Aliishi katika nyumba ya shamba na mkewe Tryphena na watoto wao. Jedidah alikuwa bado hajamwambia habari za Munyao; alingoja wazee wafike.

Asubuhi moja alikuwa akirudi kazini kutoka Mwanda, na lori la mboga likamwacha. Kwa bahati Thadeus alipita na gari la meneja, akitoka Wundanyi alikokuwa ametumwa. Hakuruhusiwa kubeba mtu, lakini huyu alikuwa dada yake. Kwenye kona kabla ya Mwatate mbuzi akaruka barabarani. Thadeus akakata usukani, gari likagonga nguzo ya mawe. Taa ya kushoto ikavunjika na madigadi ikakunjamana.

Thadeus aliokota vipande vya kioo, akavitupa kwenye mkonge.

"Sikia, Jedidah. Wewe hukupanda gari hili."

"Utamwambia nini Bwana?"

"Niachie mimi."

Akamshusha kabla ya kuingia mjini. Jedidah alidhani kaka yake atataja mbuzi.

Thadeus hakutaja mbuzi. Alikwenda stesheni kumpokea meneja, akaegesha gari karibu na banda la vifurushi, upande mbovu ukielekea njia ya mikokoteni. Meneja aliposhuka na kuona lile pigo, Thadeus akanyoosha kidole.

"Ni huyu, Bwana. Nilikwenda kukutafuta kwenye mabehewa. Nilipogeuka, nikaona mkokoteni wake unaligonga gari."

"Sijaligusa," Munyao akasema. "Nilipita ukutani. Kama nimevunja taa hapa, vioo viko wapi?"

Meneja hakuangalia chini. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, na Mwafrika aliyemjibu Mzungu mbele ya watu alikuwa amejihukumu nusu. Askari wakaandika kwamba ameharibu gari kwa makusudi, wakamwachia asubiri kesi.

Jioni akapiga simu.

"Jeda, umesikia?"

"Nimesikia."

"Dereva mwenyewe ni Thadeus, kaka yako. Muulize, mpenzi. Anajua kabisa sikuligusa."

Jedidah akauzungusha waya wa simu kidoleni.

"Jeda, uko?"

"Niko."

"Mbona husemi kitu?"

"Kuna wagonjwa wananingoja," akasema, akaweka simu. Chumbani hapakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Kesho yake alimfuata Thadeus shambani.

"Kaka, sema kweli. Mwambie Bwana ni mbuzi."

"Nimeshasema la kwanza. Nikigeuza, nitafukuzwa kwa uongo na kwa kukubeba wewe. Watoto hawa nitawalaza wapi? Yule kijana hana mke. Atafungwa kidogo, atatoka."

"Yule ndiye anayetaka kunioa."

Thadeus hakulijua hilo. Alikaa kitako kwenye ngazi, akajipangusa uso kwa kofia yake ya kazi.

"Basi atakuoa akitoka," akasema.

Siku ya kesi Jedidah alikaa na Tryphena, aliyempakata mtoto wake mdogo. Thadeus aliapa kwa Biblia, akasema aliyoyasema. Hakimu akauliza kama kuna mwingine aliyeona lolote. Tryphena alishika upindo wa gauni la wifi yake, akaukaza. Hakuwa na haja ya kuushika. Jedidah hakuinuka.

Munyao akahukumiwa kifungo na kazi ngumu. Alipopitishwa na pingu, alimwona Jedidah analia.

"Usilie, Jeda," akamwambia. "Nitarudi."

Wafungwa walipelekwa kuponda kokoto za barabara. Wiki haikuisha, askari akamleta Munyao zahanati, kipande cha jiwe kimempasua juu ya jicho. Alikuwa amenyolewa, na midomo imekauka. Jedidah alimsafisha damu kwa pamba.

"Mama amekataa kula tangu nifungwe," Munyao akasema polepole. "Wenzangu wa reli wananiita mhalifu. Ni wewe tu uliyebaki upande wangu."

Jedidah akafunga bendeji. Munyao alipoondoka, Jedidah hakuvua hata sare ya kazi. Alikwenda moja kwa moja kwa hakimu, akasema yote: lori lililomwacha, kona, mbuzi, nguzo. Askari walikwenda pale kwenye kona, wakakuta rangi ya gari kwenye nguzo na vioo kwenye mkonge.

Munyao aliachiwa bila neno la pole. Thadeus akafungwa kwa kuapa uongo, na meneja akawatoa mkewe na watoto katika nyumba ya shamba. Walipanda Mwanda kwa mama mzazi wa Thadeus na Jedidah, na tangu siku hiyo mshahara wa Jedidah ndio uliowalisha. Tryphena alikula chakula chake lakini hakusema naye.

Munyao alirudishiwa kazi, akahamishiwa Makindu. Siku ya kuondoka alimwita Jedidah stesheni. Jedidah alikuja amevaa lile gauni la buluu. Kovu lilikuwa limekata nyusi ya Munyao vipande viwili.

"Nimelala na jambo hili mpaka nimechoka," Munyao akasema. "Bado nakutaka. Njoo Makindu, tuoane. Lakini kwa Thadeus usikanyage tena, na jasho langu lisilishe watoto wake."

"Wakale kwa nani?"

"Kwa baba yao aliyenifungisha."

"Munyao, watoto hawakuapa uongo. Watoto hawakusimama mbele ya hakimu."

"Hata wewe hukusimama," akasema.

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Jedidah zaidi. Filimbi ikapulizwa. Munyao akashika mkono wake, akaushika mpaka behewa likaanza kwenda, kisha akaruka ndani. Jedidah alibaki pale mpaka wachuuzi walipoanza kufunga vikapu vyao.

Alipanda Mwanda siku hiyo hiyo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Tryphena alikuwa jikoni akimenya viazi, watoto wamelala kwenye mkeka.

"Umemwona Munyao?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa wifi yake tangu Thadeus afungwe.

"Nimemwona."

"Akasema nini?"

"Niende naye, niwaache nyinyi."

Tryphena akamenya kiazi kizima bila kuinua uso.

"Ungekwenda," akasema. "Mimi ningekwenda."

Jedidah akaketi karibu naye, akachukua kisu kingine.