Udongo wa Wachimbaji Arubaini

Asubuhi ya tatu tangu sanamu iuzwe, Tahseen alikuta vumbi la kijani sakafuni mwa duka lake la Ndia Kuu. Akalifagia. Kufika adhuhuri lilikuwa limerudi, na duka zima lanuka shaba iliyolowa.

Sanamu ilikuwa ya Ilunga, msanii aliyekimbia vita Kongo. Alifinyanga mchimbaji aliyepiga magoti, kwa udongo wa mgodi ulioporomoka ukamfukia ndugu yake na wenziwe arubaini.

"Mama, watu waione tu," alimsihi. "Wale wa kampuni ya madini usiwauzie."

Tahseen akampa mkono. Kisha akaja bwana wa kampuni ileile, akataja bei, naye akauza. Ilunga akaambiwa sanamu imepelekwa maonyeshoni.

Siku ya tano, bintiye Amatullah alianguka dukani. Alipozinduka alianza kukwaruza sakafu kwa kucha, polepole, na chini ya sakafu kitu kikamjibu, mkwaruzo kwa mkwaruzo, kikazidi, kikawa milio ya sururu nyingi zikikaribia, mpaka birika za shaba zikatetema rafuni na wateja wakatoka mmoja mmoja pasi na kuaga.

Akaitwa Bi Mwanaesha, mganga wa Bondeni. Alifukiza ubani, akafungua msahafu akasoma, akauliza kwa upole, "U nani wewe, na wataka nini?"

Sauti nzito ya kiume ikatoka kinywani mwa msichana. "Mimi jini la shimo. Nawalinda waliolala kule. Nirudisheni na udongo wangu."

"Mpigie aliyenunua," Bi Mwanaesha alinong'ona.

Tahseen akapiga simu, akafungua spika. Yule bwana akacheka kidogo. Sanamu imeshasagwa, alisema. Walitaka kuupima udongo, nao una madini tele. Mwezi ujao shimo linachimbuliwa upya.

Ilunga, aliyefika baada ya kusikia kilio mtaani, alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Hakupaza sauti.

"Mashimo kule ni mamia, mama. Lile nilikutajia wewe peke yako. Nani aliwaonyesha?"

"Sijui, mwanangu."

Amatullah, macho kayafumba, akainua mkono uliochubuka akamwelekezea mamake.

"Huyu," ile sauti ikasema. "Aliwaandikia jina la shimo kwa mkono wake."

Ilunga akageuka, akaenda zake.

Bi Mwanaesha akafunga msahafu. "Makao ya jini mmeyabomoa, bibi," alisema taratibu. "Sasa litakaa kwako."