Mgeni Aliyekubali Kula

Jumatatu ile Salanieta alifunga geti kwa mkono wake mwenyewe, maana Jumatatu nyumba ya mmisionari mzungu, siku hizi makumbusho, haipokei watazamaji. Kazi ilikuwa kufuta vumbi: meza ya chakula iliyozungushiwa kamba, sahani tano za kaure, vitanda vya watoto watatu waliokufa kwa homa ndani ya wiki moja, zamani za mababu. Mama yao hakuishi sana baada yao. Kijijini Naikoro walisema aligoma kula.

Adhuhuri Salanieta aliketi barazani na bintiye Makereta, mwenye miaka sita na pengo la jino la mbele alilojivunia kama cheo. Walikula mihogo na samaki wa nazi.

"Usimalize samaki wote, we paka."

"Paka hana pengo, Mama."

Nyayo zikapita nyuma yao. Salanieta hakuinua hata kichwa. Mdomo ulishazoea, Fiji mtu akipita unakula, humnyamazii.

"Njoo tule," alisema.

Ni adabu tu. Anayepita hujibu kwamba ameshiba, akaendelea na safari yake. Huyu hakujibu. Nyayo zilisimama.

Hapo ndipo alipokumbuka geti.

Makereta alisogea mkekani, akampisha mtu ambaye mama yake hakumwona. Kipande cha muhogo kikatoweka sahanini. Kikafuata cha pili. Ubaridi ulimpanda Salanieta kutoka miguuni, ukafika kiunoni, ukakaa.

"Mama," mtoto alinong'ona, "bibi mzungu anashukuru. Anasema na sisi twende tukale kwake."

"Mwambie tumeshiba."

"Nimeshamwambia nakuja. Si ulisema mtu mzima hakataliwi?"

Maskini, ni kweli alimfundisha hivyo. Alitaka kumshika. Mkono haukuinuka. Alibaki kumtazama mwanawe akichukua sahani yake ya bati ya buluu na kuingia ndani, mkono mmoja juu kama ameshikwa. Mbao za sakafu zililia. Hatua ndogo. Hatua nzito.

Kisha mlio wa vijiko.

Wanaume walitafuta hadi milimani. Mchungaji aliomba chumba kwa chumba. Mtoto hakuonekana.

Siku ya mia, kama ilivyo desturi ya Fiji, mashangazi walikuja na mikeka kuondoa matanga. Salanieta aliwaacha uani, akaingia kufuta vumbi. Mikono haikujua kazi nyingine. Nyuma ya kamba, kando ya sahani tano za kaure, ilikuwepo ya bati, ya buluu. Juu yake kipande cha muhogo kikitoa mvuke. Kilikuwa kimeng'atwa mara moja, na katikati ya alama za meno ulibaki ukingo mwembamba usioguswa, upana wa jino moja.

Aliketi sakafuni kando ya kamba, akasubiri aitwe mezani. Alikaa mpaka mashangazi wakaja kumnyanyua. Lakini yeye alishasema ameshiba, na aliyeshiba haitwi mara ya pili.