Mkono Nyuma ya Trela

Ijumaa ya Julai, duka la kambi ya mapumziko kando ya ziwa lilifurika watu. Kila mtu alitaka kuni na barafu, na kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda kupumzika. Corinne Lindahl, ndani ya koti lake la mvua la njano, alipigana kikumbo na mwanamume aliyekumbatia mfuko wa barafu. Kuinua macho, kumbe ni Wendell, mpenzi wake wa zamani.

"Umekonda," Wendell akasema.

"Na wewe umenenepa. Lile trela letu la kulala bado lipo?"

"Lipo. Na kovu lake."

Corinne alitafuta uchungu moyoni, au hata aibu. Hakupata kitu. Tangu amzike mama yake miaka miwili iliyopita alikuwa hivyo, ganzi tupu. Kiangazi kilichopita, papa hapa, alisimama nyuma ya trela kumwelekeza Wendell akilirudisha nyuma kwa gari. Aliuona msonobari, na mkono wake haukuinuka. Trela likaugonga, likabonyea. Wendell akaamini amefanyiwa kusudi, kwamba amechokwa. Kufika Jumapili walikuwa wameachana.

Saa kumi jioni Wendell alihangaika peke yake kuliingiza trela kwenye kiwanja kilekile cha mwaka jana. Majirani walikwishavuta viti vya kukunja, bia mkononi. Hapa kambini hiyo ndiyo sinema. Alipolipeleka mshazari mara ya tatu, wakapiga makofi. Watu wana roho mbaya.

Simu yake ikalia.

"Tazama kioo cha kushoto, mkaidi wewe."

Kiooni, koti la njano.

"Umekuja kulimalizia?"

"Nyoosha usukani. Taratibu. Wendell, ule mti niliuona."

Wendell akakanyaga breki.

"Uliuona?"

"Niliuona. Sikuwa nimekuchoka. Sikuwa nahisi chochote, hata sasa sihisi sana."

"Mbona hukuniambia, mpenzi?"

"Ningesemaje? Kwamba nimekuwa kisiki? Haya, rudi. Rudi tu."

Trela likarudi. Msonobari ukabaki hatua mbili, kisha moja. Moyo wa Corinne ukapiga paa! Aliogopa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mkono ukaruka juu kabla hajauamuru.

"Simama!"

Likasimama. Majirani, wakiwa hawana tena cha kutazama, wakageuza viti vyao kuelekea ziwani. Wendell akashuka mbio.

"Mikono yako inatetemeka," akasema, akitaka kuishika.

"Naona." Corinne alikuwa analia. "Usiishike kwanza. Iache itetemeke."