Mawe Tuliyomrushia Mamba

Jumamosi asubuhi, nyuma ya nyumba ya Zabron hapa Pongwe, magodoro makuukuu yalitandikwa chini na wanaume wawili walikuwa wakifundishana kuanguka. Ndugu zangu, msicheke, kuanguka nako ni kazi. Zabron alimnyanyua mwenzake Sabiri begani, akamzungusha, akambwaga kwa kishindo. Sabiri akainuka akijipangusa.

"Leo umenibwaga vizuri, kaka. Sikusikia maumivu hata kidogo."

Bibiana, mke wa Zabron, akawaletea uji. Akaniona nikichungulia juu ya ua, akaniita.

"Mama Shadya, njoo unywe, acha kuiba kwa macho."

Basi nikanywa uji pamoja nao, na binti yao Jenifa akakaa juu ya mgongo wa baba yake kama yuko juu ya punda. Hiyo ndiyo nyumba tuliyoivunjia heshima.

Chama chao cha mieleka kilizunguka Muheza, Pangani, mpaka Korogwe. Mshindi alipangwa kabla ya pambano, na hilo halikuwa siri kwa mtu mzima yeyote. Sabiri, aliyejaliwa sura, alipewa kuwa mwema, akaitwa Radi. Zabron, mtoto wa wakata mkonge, pande la mtu mwenye kovu shavuni, alipewa kuwa mwovu. Akaitwa Mamba.

Na alikuwa fundi! Nilimfuata kila walikokwenda. Aliingia ulingoni akitafuna muwa na kuwatemea makapi watu wa mbele. "Pongwe hakuna mwanamume!" alinguruma, nasi tukazomea mpaka koo zikakauka. Muheza alimng'ata mwamuzi sikio. Korogwe alificha mchanga mfukoni, akammwagia Radi machoni, bibi mmoja akavua kiatu akamrushia. Pambano likiisha, watu walimbeba Radi juu juu. Mamba alibaki nyuma akikunja turubai la ulingo peke yake.

Kuzomea kungeishia uwanjani, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini tulikuja nako mpaka mtaani. Bibiana alipokwenda dukani, muuzaji alimwambia, "Hatumuuzii mke wa Mamba." Watu wakacheka, naye akacheka. Siku nyingine akaambiwa tena. Safari hii alicheka peke yake, akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Shuleni watoto walimvuta Jenifa sketi ikachanika, wakamwambia wanamlipizia Radi. Nilimwona akirudi ameishika kwa mikono miwili. Nilijua baba yake ni mtu wa namna gani, tena nilijua kuliko wengi. Sikumkemea mtoto hata mmoja. Mwanangu Shadya alikuwamo kati yao.

Zabron alimwendea Mudathir, kiongozi wa chama.

"Nibadilishie. Nipe hata kuwa mwamuzi. Nyumbani kwangu hakukaliki."

"Ukiwa mwema wewe, nani atakuja kutazama?" Mudathir alimjibu. "Watu wanakuja kukuchukia wewe, ndugu yangu. Vumilia."

Akavumilia. Jioni moja aliniambia yeye mwenyewe, huku akitazama pembeni, kwamba Jenifa amemwomba asifike tena shuleni. "Amewaambia wenzake kwamba mimi ni mjomba tu," alisema. "Ati baba yake yuko Arusha." Nilimwambia utoto utapita. Jumamosi iliyofuata nikaenda kumzomea kama kawaida.

Iddi pili chama kilialikwa Mwera. Tulipanda lori na mdogo wangu Zubeiri, tumevaa nguo mpya, tunaimba. Pambano lilikwenda kama yote yaliyotangulia, mpaka Radi alipopanda juu ya nguzo ya pembeni ili aruke, Mamba amdake. Ubao aliokanyaga Radi juu ya nguzo ukakatika. Alianguka kwa shingo.

Zabron alipiga magoti. Akakishika kichwa cha mwenzake kwa viganja viwili, akapiga kelele kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia ulingoni.

"Simamisheni! Ameumia kweli! Asiguswe shingo! Leteni gari!"

Tulijua pambano limepangwa, lakini kwa hasira tulisahau; nani angemwamini Mamba? "Mwongo huyo! Anamnyonga! Mwachie Radi!" Uwanja mzima ulisimama. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni, la pili begani. Mtu yeyote akirushiwa mawe hujikinga uso. Zabron hakujikinga, maana angenyanyua mkono mmoja tu, kichwa cha Sabiri kingeyumba. Aliinama akamfunika kwa kifua chake, akaendelea kutuomba gari.

Hapo nikauona mkono wa Zubeiri ukiruka pembeni yangu. Jiwe lilimpiga Zabron jichoni.

Hata damu ilipomtiririka usoni, mikono yake haikuondoka. Mwamuzi alipotambua kwamba Radi ameumia kweli na kulia kwa sauti ndipo tuliponyamaza. Ukimya ule bado unanisuta.

Sabiri alilazwa kwa muda mrefu, lakini leo anatembea. Daktari alimwambia kwamba shingo yake ingetikiswa kidogo tu, asingeinuka tena. "Kaka Zabron ndiye aliyenishika," Sabiri alimwambia kila aliyekwenda kumjulia hali. Watu walitoka wodini wameinamisha vichwa. Zabron mwenyewe alikuwa wodi ya pili, jicho la kushoto limekwisha kutolewa.

Aliporudi nyumbani, nilimshika Zubeiri mkono tukaenda. Tulipiga hodi, tukakaribishwa mkekani. Zubeiri hakuweza hata kukaa.

"Shikamoo kaka. Jiwe lile lilikuwa langu."

"Marahaba," Zabron akajibu. "Nilikuwa nimekwisha kukusamehe kabla sijakujua. Uliona mtu anauawa, ukataka kumwokoa."

Mimi nikashusha pumzi. Bibiana akaniona, akaweka chini sahani aliyokuwa akiifuta.

"Mama Shadya, usipumue mapema. Jiwe la Zubeiri lilikuwa moja. Mwanangu alirushiwa kila siku, nawe ulikuwa hapo upande wa pili wa ua. Kwa hilo msituombe sisi radhi. Mwombeni yeye."

Jenifa alikuwa amekaa miguuni pa baba yake na kichupa cha dawa. Niliita jina lake. Akajibu bila kuinua uso.

"Nilimkana baba yangu ili mniache."

Akamgeuza baba yake uso taratibu, akaendelea kumpangusa kidonda. Tulitoka bila kuagwa.

MAFUNZO

Enyi mashabiki wenzangu wa mieleka, wa mpira na wa kila mchezo, aliyevaa ubaya kwa ajili ya kutufurahisha ana mke dukani na mtoto shuleni. Chuki ya mchezo iishie uwanjani. Ikivuka geti haichagui, humpata asiyehusika, na siku huyo aliyevaa ubaya atakapotuomba msaada kwa dhati hatutamsikia. Tena tusijifiche nyuma ya umati na kusema jiwe halikuwa langu. Anayeujua ukweli wa jirani yake na kunyamaza wakati anadhalilishwa, naye amerusha.