Programu Iliyosema Imefika

Kila asubuhi Intisar alikuwa wa kwanza kuingia chumba cha kompyuta. Alifungua madirisha mawili yanayotazama mikoko, akapangusa vumbi lililoletwa na malori ya barabarani, kisha akaweka daftari mezani na kalamu juu yake. Sheria ya chumba hicho ilikuwa moja: anayegusa mashine aandike jina lake na saa. Intisar peke yake hakuandika, kwa kuwa ndiye aliyekabidhiwa ufunguo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, tena kuukuu. Ilipowashwa ilitoa dirisha jeusi tupu, nawe ukaiandikia amri mstari baada ya mstari. Wengi katika Gredi ya Nane waliikimbia. Intisar aliipenda. Ndani yake mlikuwa na folda, na folda nyingine ndani ya folda, kama vyumba vya nyumba kubwa. Ukitaka kufanya kazi katika chumba fulani, sharti kwanza uende ukasimame humo. Kwenda huko kulihitaji amri ndefu yenye majina mengi, na herufi moja ikikosewa unaanza upya.

Basi Intisar alitunga programu yake ndogo, akaiita ruka. Ukiiambia jina la folda, yenyewe ingekupeleka. Aliifundisha hata adabu. Kwao Jomvu Kuu msichana akiitwa huitika "abee" papo hapo, hata kama mikono yake imejaa unga na hajainuka alipokaa. Programu nayo ikafundishwa kuitika hivyo: "Abee, tumefika."

Mwalimu Erastus alipoiona alitabasamu. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyejifunza kompyuta mwenyewe kwa kufungua mashine mbovu na kuzifunga tena.

"Umeijaribu?" aliuliza.

"Nimeijaribu, Mwalimu."

"Ukahakikisha kwamba kweli imekufikisha?"

"Nimehakikisha."

Hapo Intisar aliteleza. Alichokuwa amekiona ni yale maneno tu kwenye kioo. Aliona yanatosha.

Kesho yake, siku ya Alhamisi, wakaguzi walitarajiwa saa nane mchana. Wangekuja kusikiliza mahojiano ya darasa. Wanafunzi arobaini na wawili, kila mmoja alikuwa amemrekodi mtu mzima akieleza kazi yake: mshona kofia, mpiga mbizi, mpika mkate wa sinia, dereva wa kreni bandarini. Rekodi zote zilikaa katika folda moja iliyoitwa mahojiano. Ndani ya folda hiyo mlikuwa na nyingine ndogo, iliyoitwa taka, iliyowekewa rekodi zilizoharibika.

Kengele ya mapumziko ilipolia saa nne, Intisar alibaki chumbani. Alitaka wakaguzi wakute mashine safi. Akiwa ndani ya folda ya mahojiano, aliandika ruka taka.

"Abee, tumefika: taka," ikajibu mashine.

Akaandika amri ya kufuta kila faili iliyopo. Mashine haikuuliza mara mbili. Kisha akaomba orodha, akitarajia kuona folda tupu. Likaja neno moja: taka.

Intisar alikunja uso. Taka ndani ya taka? Aliandika ile amri ya herufi tatu, pwd, ambayo huiuliza mashine: nimesimama wapi? Jibu likaja bila huruma. Alikuwa amesimama ndani ya mahojiano. Hakuwa ameondoka hapo hata hatua moja.

Alichungulia taka. Rekodi mbovu zilikuwa zimekaa humo, zote, salama salimini.

"Yarabi," alinong'ona. 

Mlango ukafunguka. Alikuwa Nduku, rafiki yake wa dawati moja, ambaye babake alifanya kazi kwenye bohari huko Changamwe.

"Intisar, nipe dakika mbili tu nimsikie babu. Nilimsikia asubuhi lakini bado sijatosheka."

Intisar alizima kioo upesi. Babu yake Nduku alikuwa amefariki wiki mbili zilizopita. Alikuwa mzee wa reli, na sauti yake haikuwa mahali pengine popote ila kwenye rekodi ile, kwa maana simu iliyotumika kumrekodi ilikuwa ya shule, nayo ilikuwa imekwisha kufutwa ili mwingine aitumie.

"Mashine inasumbua," Intisar alisema. "Baadaye."

"Inasumbua vipi? Asubuhi ilikuwa sawa."

"Nimekwambia baadaye, Nduku!"

Nduku alimtazama kwa mshangao. "Haya, mama mkubwa wa kompyuta," alisema, akatoka.

Baada ya mapumziko darasa zima liliingia. Mwalimu Erastus alimwambia Junaid aanze kuingiza picha za bustani ya shule kutoka kwenye kamera, kwa sababu wakaguzi wangezitaka nazo. Picha zilikuwa zaidi ya mia mbili. Junaid aliandika jina lake daftarini, akachomeka waya, mashine ikaanza kuzimeza moja moja. Intisar alikaa nyuma kabisa. Alijiambia kuwa angesema akishapata namna ya kusema.

Dakika zilipita. Picha ya sitini. Picha ya tisini.

"Sasa tusikilize rekodi mbili tatu kabla wageni hawajafika," Mwalimu alisema. Aliinama akaandika amri. Akaiandika tena. 

"Hamna kitu humu," alisema polepole. "Zote hazipo."

Chumba kililipuka. Junaid alirefusha shingo kwenye daftari. "Jina la mwisho kabla yangu ni Nduku! Saa mbili kasorobo!"

"Nduku, umefanya nini?"

"Mikono ya kushika chapati, umeiweka kwenye kompyuta!"

"Si mimi!" Nduku alisimama. "Walai si mimi! Nilimsikiliza babu, nikatoka. Ningefutaje sauti ya babu yangu mimi mwenyewe?"

"Huenda ulibonyeza bila kujua," alisema mmoja.

"Tulieni," alisema Mwalimu Erastus. "Daftari linasema nani aliingia. Halisemi nani alifuta. Nduku, sijasema ni wewe. Nieleze tu ulibonyeza nini."

Nduku alijaribu kueleza. Alianza vizuri, kisha akachanganya, akarudi nyuma, na mwishowe akaanza kujishuku mwenyewe. "Labda... labda wakati wa kuzima, Mwalimu. Sijui. Kama ni mimi..."  Alijifunika uso kwa kola ya sweta.

Intisar aliona jambo hilo likitokea mbele ya macho yake: mtu asiye na kosa anaanza kuliamini kosa. Miguu yake ilisimama kabla hajaamua.

"Ni mimi, Mwalimu. Nduku hana neno. Ni mimi niliyefuta, wakati wa mapumziko."

 Nduku alishusha sweta.

Mwalimu Erastus hakumkaripia. Aligeuka haraka kuliko walivyowahi kumwona akigeuka. "Junaid! Chomoa waya. Usiongeze picha hata moja!" Akaizima mashine papo hapo. "Intisar, ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

Mwalimu alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi na tano.

"Sikilizeni," alisema. "Kompyuta ikifuta, haipangusi. Inabandua jina tu na kusema, nafasi hii iko wazi. Sauti zenyewe bado zimo, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tatizo ni kwamba tumekuwa tukiandika."

Macho yote yaliiangalia kamera ya Junaid.

Mwalimu alitoa flashi kutoka mfukoni, akaichomeka. Mashine ikawaka kwa flashi hiyo, bila kugusa diski yake ya ndani, na zana ya kutafuta vilivyofutwa ikaanza kazi. Asilimia moja. Asilimia mbili.

"Itachukua saa nzima," alisema. "Intisar, njoo unionyeshe hiyo ruka."

Intisar alieleza. Mwalimu alichukua chaki akachora ubaoni mraba mkubwa, na kando yake mraba mdogo.

"Hili kubwa ni dirisha unaloandikia. Ukiita programu, dirisha linazaa mtoto, huyu mdogo. Mtoto anazaliwa akiwa amesimama pale pale aliposimama mzazi. Programu yako ilitembea kweli hadi taka. Lakini aliyetembea ni mtoto. Alipofika akaitika, kazi yake ikaisha, akatoweka. Mzazi hakuinuka. Mtoto hana uwezo wa kumhamisha mzazi wake."

"Kwa hivyo haiwezekani?"

"Inawezekana kwa njia nyingine. Mtoto asitembee. Atafute njia, aitamke, basi. Kisha dirisha lenyewe lifundishwe amri yenye jina hilo la ruka, ambayo itapokea njia iliyotamkwa na kusogea kwa miguu yake lenyewe. Na likishasogea, lijitazame liko wapi kabla ya kusema neno lolote."

Intisar aliinamisha kichwa. "Nyanya huniambia kila siku, 'Intisar, abee ni jawabu, si mwendo.' Mimi niliifundisha mashine kuitika tu."

"Nawe ulipoitika jana kwamba umehakikisha?"

Intisar aligeukia kioo, akaanza kuhesabu asilimia.

Zana ilipomaliza, mafaili yalirudi yakiwa na namba tupu. Majina yote yalikuwa yamepotea. Njia ya kujua ipi ni ya nani ilikuwa moja tu, kusikiliza. Intisar aliketi mbele ya mashine, Nduku akaketi kando yake bila kusema naye, akashika daftari. Wengine walisimama nyuma yao, kila mmoja akidai sauti ya mtu wake. "Huyo mamangu!" "Huyo mshona kofia, ni wa Janice!" Kila iliyotambuliwa iliandikwa jina. Kumi. Ishirini na tano. Saa saba ikapita na hakuna aliyekumbuka chakula. Arobaini na moja.

Babu hakuwamo.

Ilibaki faili moja, namba ndefu, ukubwa mdogo kuliko nyingine. Intisar aliogopa kuifungua. Nduku akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe.

Kikohozi kilisikika. Kisha sauti nzito ya mzee wa Ukambani aliyekaa pwani miaka mingi: "Basi siku hiyo, mjukuu wangu, nilisahau kukaza breki ya behewa, nami nikaenda kunywa uji. Nageuka, naliona behewa linaondoka peke yake, polepole, kama mtu anayetoroka deni. Nikakimbia, nikakimbia, nika..."

Kimya. Rekodi ilikatika.

Mwalimu Erastus aliitazama orodha. "Dakika nne za mwisho hazipo. Nafasi yake imeandikwa picha za bustani."

Nduku hakulia. Alimgeukia Intisar. "Nilipokuja kukuuliza, ulikuwa ushajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nitukanwe."

"Nilikuacha. Nisamehe, Nduku. Niliogopa."

Mwalimu alivuta kiti akaketi baina yao na darasa. "Nataka mlisikie hili wote. Kufuta kulikuwa kosa, na kosa hilo tungelirudisha lote. Zile dakika thelathini na tano za kunyamaza ndizo zilizokula dakika nne za mzee. Intisar, uliposema, tuliokoa arobaini na moja na nusu. Ungesema mapema, tungeokoa zote. Hakuna atakayekunyang'anya ufunguo kwa kukosea. Lakini kuanzia leo nawe utaandika jina lako daftarini kama wengine. Ukitaka kuaminiwa, sema ulilolifanya lingali dogo, na usiseme umefika mpaka utazame uliposimama."

"Nimesikia, Mwalimu."

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Nje, gari liliingia langoni. Nduku alikuwa bado ameikazia macho ile rekodi fupi.

"Mwisho wake naujua," alisema ghafla. "Nilikuwepo. Alinisimulia mimi."

Intisar alichukua simu ya shule mezani. Aliiangalia mara moja, akaiangalia tena, akahakikisha imeanza kurekodi, ndipo akaisogeza mbele ya Nduku na kuishikilia kwa mikono miwili. 

"Babu alikimbia," Nduku alianza, "akanyakua gogo la kuni kutoka mekoni kwa mama muuza uji, likiwa linawaka upande mmoja, akalitia chini ya gurudumu. Behewa likasimama. Halafu mama muuza uji akaja mbio, akashika kiuno, akamwambia: 'Mzee, behewa ni lako. Nirudishie ukuni wangu.'"