Hodi Kwenye Nyumba Tupu

Jua lilikuwa linazama dalali aliposimamisha gari mbele ya nyumba. Fundi cherehani akaitazama picha kwenye simu yake, kisha akaitazama nyumba. Pichani kulikuwa na kuta nyeupe na bustani. Hapa paa lilikuwa limebonyea, kuvu imepanda hadi madirishani, na hiyo bustani ilikuwa magugu matupu.

Alikuwa amevuka bahari kwa ajili ya hili. Mdogo wake, yule yule ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimvalisha viatu utotoni, alikuwa na nyumba ya shamba katika nchi hii hii ya ugenini, mwendo wa nusu siku kutoka hapo. Kila wiki alituma picha: kuku, miti ya matunda, jiko kubwa lenye dirisha pana. Fundi alimjibu kwa pongezi huku roho ikimuuma. Ulikuwa wivu, hakuna jina jingine. Hakutaka nyumba nzuri. Alitaka nyumba ya kuishinda ile.

Dalali alisema atasubiri garini, eti magoti yanamsumbua. Kijana mzima, magoti!

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kwa mazoea tu, kama mtu aliyelelewa vizuri, fundi akaita kabla ya kuingia.

"Hodi..."

Nyumba ilikuwa tupu. Na katika nchi ile, nani aliijua lugha yake?

"Karibu."

Sauti ilitoka ndani. Nywele zikamsimama. Harufu ya udongo mbichi ikampiga puani. Alitaka kukimbia, lakini sauti ikauliza, taratibu, kama muuza duka:

"Unataka nyumba ipi?"

Hakufungua mdomo. Moyo ndio uliojibu, tena upesi. Ile ya mdogo wangu.



Kisha vishindo vya miguu vikampita, vikatoka mlangoni. Hakuona mtu.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, ananong'ona.

"Dada, uko wapi?"

"Huku, naangalia nyumba."

"Sasa aliyepiga hodi kwa sauti yako ni nani? Nimeshamwambia karibu. Yuko jikoni... amenipa mgongo."

Fundi alijua la kusema. Toka nje, kimbia. Maneno matatu tu. Lakini ulimi ulikuwa mzito, maana jiko lile lilikuwa limemjaa machoni, lile dirisha lake pana, na tayari alikuwa anapanga cherehani yake itakaa wapi.